Barua ya wazi kwa wakubwa wa hali ya hewa na maafa: nani kazi yake kufikisha tahadhari dikoni?

Waheshimiwa, shikamooni kwa mlionizidi umri, na wote kwa ujumla salaam aleikum na poleni na majukumu.

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kipo kando ya njia ya kushukia diko, yaani pale ufukweni vyombo vya uvuvi vinapofikia, kwenye kijiji kimoja cha pwani ya Kilwa, marehemu baba alikuwa mvuvi, babu pia, na ndugu zangu wengi mpaka leo riziki yao ipo baharini. Sina cheo chochote na sijasomea hali ya hewa, ila simu za kijiji kizima zinapita mikononi mwangu, kwaiyo najua nani ana simu janja na nani ana kitochi, nani bando lake linaisha Jumatano, nani simu yake haikai na chaji hata masaa mawili. Naandika kwa sababu kila masika ikikaribia roho yangu haitulii, nakumbuka Mei 2024, na swali nililobaki nalo siku zile sijawahi kupata wa kunijibu.

Kabla sijafika mbali niseme la haki. Kwenye kimbunga Hidaya wataalamu walifanya kazi yao. Mwanzoni mwa Mei TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, walikuwa wameshakiona huko baharini mashariki ya Mtwara, wakakifuatilia, wakawa wanatoa taarifa siku baada ya siku, boti za Dar na Unguja zikasimamishwa, na kimbunga kikaja kweli, mpaka Jumamosi tarehe 4 wakatangaza kimeishiwa nguvu baada ya kuingia nchi kavu pale Mafia. Mtu akisema hatukutabiriwa anasema uongo. Mimi nalia na safari ya ile taarifa kutoka kwenye kompyuta ya mtaalamu mpaka kwa mtu anayesukuma ngalawa majini saa kumi za usiku, maana humo katikati ndo inapopotelea.

Ijumaa ile tarehe 3 nilikuwa kibandani tangu asubuhi, mvua inanyesha inaacha, meseji zinaingia kwenye magrupu mfululizo na karibu zote ni picha, ile ramani ya nchi yenye rangi halafu chini yake maandishi madogo madogo, mtu anaifowadi anaongeza "jamani tuwe makini", mwingine naye anaifowadi, ukiangalia vizuri unakuta moja ya jana moja ya leo na hamna anayejua ipi ndo mpya. Akaja mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, kitochi chake tundu la chaji limelegea. Nikamwambia mzee kimbunga kinakuja, umesikia? Akasema nimesikia, lakini kinakuja wapi, kwetu huku au Mtwara? Nikampa simu yangu aangalie mwenyewe. Akaiweka mbali na macho, akaisogeza karibu, akanirudishia, "mwanangu mimi naona rangi tu". Nikaikuza ile picha nikamsomea, baadhi ya maeneo ya mkoa huu na mkoa huu na mkoa huu. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza, "sasa sisi ni baadhi au sio baadhi?"

Nikakosa jibu. Mkoa wa Lindi mnaujua ulivyo, wilaya ya Kilwa peke yake ukitoka Somanga mpaka ufike mpakani na Lindi vijijini ni safari ya kubeba chakula, humo kuna wa pwani kuna wa bondeni kando ya mto Matandu kuna wa huko juu misituni. Neno "baadhi" kwa mwandishi ni uangalifu, nalielewa, hataki kusema asichokuwa na uhakika nacho. Kwa msikilizaji ni mlango wa kutokea, kila mtu anajiona yeye sio baadhi.

Mchana tukaenda kuswali, imamu baada ya sala akatoa simu yake akasoma taarifa, akaongeza maneno yake mwenyewe, akasema vijana msitoke leo wala kesho, anayekaa karibu na maji ahamie kwa ndugu yake wa juu. Nawaambieni ile ndo ilikuwa tahadhari ya kwanza iliyoeleweka kijiji kizima, maneno mawili matatu, nani asifanye nini na nani aende wapi. Lakini aliisoma ndani, spika ya nje ilikuwa mbovu, waliosikia ni sisi wanaume tuliokuwa mle. Kina mama walikuja kusikia jioni, na wengine waume zao hawakuwaambia kabisa.

Na kuna ambao hakuna namna wangesikia. Mtoto wa mama yangu mkubwa na wenzake wanne walikuwa dago, kambi ya muda ya wavuvi, tangu Jumanne, kwenye kisiwa kidogo ambacho mtandao unaupata mpaka upande juu ya jiwe upande mmoja tu, na chaji huko wanategemea pawabenki moja ya watu watano. Nilimpigia Alhamisi, nikampigia Ijumaa asubuhi, nikampigia baada ya sala, haipatikani. Nikatoka nikamfuata kiongozi mmoja ambaye kwa nafasi yake nilidhani anahusika, nikamwambia tuna watu dago, wanafuatwaje? Akanijibu kwa upole kabisa, hakuwa mtu mbaya, akasema "taarifa imeshatolewa". Nikasema sawa imetolewa, ila hawa haijawafikia. Akarudia, imeshatolewa.

Waheshimiwa, neno hilo ndo limenikalisha hapa kuandika. Kutoa na kufikisha ni kazi mbili. Ya kutoa ina mwenyewe, ana ofisi, ana bajeti, anapimwa nayo. Hii ya kufikisha nimeulizia kwetu kote, haina mwenyewe.

Wale vijana Mungu aliwanusuru. Alinihadithia ndugu yangu aliporudi, anasema Ijumaa alasiri waliona mawimbi yanakuja marefu yenye nafasi kubwa katikati, upepo bado hata haujashika, bahari inapumua kama mtu mwenye homa, mmoja wao ambaye ni mtu mzima akasema hii sio bahari ya leo, pandisheni chombo. Wakakivuta mpaka kwenye mivinje wakakifunga kamba shinani, usiku wakalala wamelalia ile kamba kwa zamu kwa sababu ilikuwa inafyatuka. Alfajiri ngalawa moja haipo, nyavu zilizoachwa baharini hazipo. Alinionesha viganja vyake, ngozi ya katikati ilikuwa imetoka yote, ameiweka dawa ya meno kwa kukosa dawa ingine. Watu watano walio hai kwa sababu ya mtu mzima mmoja aliyejua kusoma wimbi, asingekuwepo yule ningekuwa naandika barua ya aina nyingine.

Na tulipata bahati ambayo sijasikia mtu akiisema. Siku zile mwezi ulikuwa umezeeka, ishirini na ngapi ya mfungo mosi, yaani maji yalikuwa mafu, hayapandi sana, hayakuwa bamvua ya maji makubwa. Kimbunga kinavyokuja kinasukuma bahari mbele yake na kuipandisha, kingekuta bamvua, maji yameshajaa mpaka kwenye kingo, sijui nyumba za mstari wa mbele zingebaki ngapi. Sijawahi kuona tahadhari inayosema "na siku hizo ni bamvua", wakati mtu wa pwani hilo ndo jambo la kwanza analouliza.

Nije kwenye maneno, hapa mnivumilie. Mmeweka ngazi, njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kwenye karatasi imepangwa vizuri. Ila muulizeni mtu yeyote mtaani tofauti ya angalizo na tahadhari, mimi nimewauliza wateja wangu walimu kwa wakulima, wengi wanaona ni neno moja, na kuna waliosema angalizo ndo kali zaidi kwa sababu linatisha mdomoni. Halafu ikitoka ile ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, ambayo wakati wa kusi tunaisikia mara kwa mara, hivi vipimo ni sahihi lakini mvuvi hapimi upepo kwa kilomita, anaupima kwa tanga, upepo wa tanga zima, upepo wa kupunguza tanga, upepo wa kutotweka kabisa. Mtumbwi, ngalawa, boti ya faiba yenye mashine ndogo na jahazi la mzigo haviwezi kupewa sentensi moja. Mita 2 kwa jahazi ni kazi ngumu tu, kwa mtumbwi ni kifo. Mkikaa na manahodha wazee siku mbili mtatoka na maneno ambayo hamna mtu atauliza maana yake.

Kuhusu kutoamini. Najua huko juu mnaumia mkiona watu wanapuuza, mnasema wananchi wabishi. Wapo wabishi, sikatai. Lakini tuhesabu pamoja. Aprili 2019 tuliambiwa kimbunga Kenneth anakuja, kule Mtwara shule zikafungwa watu wakaambiwa wahame, Kenneth akapiga Msumbiji, Cabo Delgado, akaua watu huko, kwetu ikaonekana hakuna kitu. Aprili 2021 Jobo, pwani nzima tumejifungia ndani, akafia baharini kabla ya kufika. Kwaiyo ilipokuja Hidaya kuna watu walisema haya tena hawa. Kosa sio la utabiri, kimbunga kupinda kidogo tu ni kawaida yake, na Kenneth angepinda kidogo upande wetu tungezika. Kosa ni kwamba baada ya Kenneth na baada ya Jobo hamna aliyekuja kutueleza imekuwaje. Tahadhari inaanza kwa kelele inaisha kimya kimya. Mtu anakaa nyumbani siku tatu hajui imeisha lini, anachungulia nje anaona jua, anatoka, mara ijayo hakai tena. Mngekuja diko mkasema jamani kilipita umbali huu, kiliwakosa kwa sababu hii, na haya ndo yaliyowapata wenzenu wa ng'ambo ya Ruvuma, mbona tungewaelewa, sisi ni watu wa bahari tunajua upepo unavyobadilisha nia.

Na watu wanataka kujua sababu msiwadharau. Wengi kwetu wanaamini kimbunga sio cha Tanzania kabisa, na hilo lina chanzo chake, kimbunga kinataka maji ya moto na kinataka mzunguko wa dunia ukizungushe, na ukikaribia ikweta ule mzunguko unakosa nguvu, ndo maana vingi vinaishia Madagaska na Msumbiji. Kilwa tupo karibu nyuzi 9 kusini, tupo ukingoni. Ukingoni maana yake ni mara chache, sio kwamba haviji kamwe. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu karibu yote na kuvunja vyombo bandarini, Pemba ikasalimika na ndo karafuu zikahamia huko. Aprili 1952 kingine kikaingia Lindi, wazee waliokuwa watoto wakati ule bado wapo wachache, baba yangu alikuwa anahadithia alivyosikia kwa baba yake. Na Hidaya Mei 2024. Mtazame miezi, Aprili, Aprili, Mei, ndo tanga mbili hiyo, kaskazi limekufa na kusi halijashika, baba alikuwa anasema tanga mbili bahari haina mwenyewe. Hiki kitu watu wanacho tayari kwenye kauli zao, mkikiunganisha na satelaiti zenu tahadhari itapata mizizi.

Nisiongelee bahari tu, ndugu zetu wa Rufiji hapo jirani watanishangaa. Aprili ile ile kabla ya Hidaya walikuwa kwenye maji, Mohoro, Chumbi na kwingine, mazao yamekwenda, watu wanahamishwa kwa mitumbwi. Waziri Mkuu alisema Bungeni tarehe 25 Aprili kwamba mvua zimeshaua watu 155 nchi nzima na walioathirika ni zaidi ya laki mbili. Mrufiji mafuriko anayajua kuliko mtu yeyote, amelima na mafuriko enzi na enzi, anapanda maji yakishuka. Shida yake ni kwamba maji yanayomzamisha hayanyeshi kwake. Mvua inanyesha Usangu, inanyesha Iringa, inanyesha milima ya Udzungwa, inashuka na Ruaha Mkuu na Kilombero, inakuja kumkuta Mohoro siku kadhaa baadaye saa ingine jua linawaka. Sasa ukimtangazia mvua za mkoa wa Pwani umemtangazia nini? Anachohitaji ni mtu wa kumwambia mto umepanda kiasi gani huko juu leo, na utamfikia lini, na bwawa la Julius Nyerere litafungulia maji saa ngapi na kiasi gani, kwa siku na kwa saa. Hizo siku za katikati ni zawadi, Mungu ametupa muda wa kuokoa mbuzi na magunia na bibi asiyeweza kutembea, tunaupoteza tukibishana ni baadhi au sio baadhi.

Hanang' hata sitaki kukaa sana, moyo unauma. Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, Katesh, tope na mawe na magogo vikashuka kutoka mlimani juu ya watu, zaidi ya watu 80 wakafa. Utabiri wa vuli ulikuwa umetoka tangu Agosti, mvua za juu ya wastani, El Nino. Juu ya wastani. Kwa mama anayeishi chini ya mlima neno hilo linamwambia mahindi yatastawi. Halimwambii mlima unaweza kuteremka.

Na kuna siku ambayo naikumbuka kila nikisikia neno mawasiliano, tarehe 26 Desemba 2004. Tetemeko limepiga Sumatra huko Indonesia, mawimbi ya tsunami yakachukua zaidi ya masaa saba kuvuka bahari mpaka kufika huku kwetu, masaa saba na ushee, dunia nzima inaangalia kwenye televisheni maiti za Sri Lanka, na bado fukwe za Dar es Salaam kulikuwa na watoto wanaogelea sikukuu na watu wakafa. Muda ulikuwepo, habari ilikuwepo, mtu wa kukimbia ufukweni kuwaambia tokeni majini ndo hakuwepo. Wenzetu Mombasa walifanikiwa kuwatoa watu ufukweni. Miaka ishirini baadaye na mimi napiga simu ya dago haipatikani.

Sasa mtu atasema fundi simu unalalamika tu, nchi maskini itafanyaje. Nitawapa mfano wa nchi ambayo haikuwa na kitu. Bangladesh, Novemba 1970, kimbunga kiliua watu wasiopungua laki tatu usiku mmoja, wengine wanasema laki tano. Satelaiti ilishakiona, taarifa ilishatolewa, nadhani mnaona neno hilo tena. Baada ya hapo, mwaka 1972, serikali na Msalaba Mwekundu wakaanzisha mpango wa watu wa kujitolea, kila kijiji cha pwani kina wake, wanajulikana kwa majina, wana vipaza sauti vya mkononi, ving'ora vya kuzungusha na mkono na bendera, moja ikipandishwa ina maana yake, mbili zina maana yake, tatu ndo toka sasa hivi. Sasa hivi wapo makumi elfu. Haikuwa dawa ya siku moja, 1991 walikufa tena zaidi ya laki na wengi walikuwa wanawake, kwa sababu habari ilikuwa inazunguka sokoni na misikitini kwa wanaume na mwanamke anabaki nyumbani akisubiri mume aje amwambie. Wakajifunza, wakaingiza wanawake kwenye ile kazi, wakajenga majengo ya kukimbilia yaliyoinuliwa juu. Mwaka 2020 Amphan alivyokuja walihamisha zaidi ya watu milioni mbili, waliokufa nchini kwao hawakufika mia. Hawakuwa na hela kuliko sisi walipoanza. Walikuwa na mtu kila kijiji ambaye ukimuuliza kazi yako nini anasema ikitolewa tahadhari, mimi ndo naifikisha.

Hicho ndo nawaomba. Mtu.

Sheria ya usimamizi wa maafa mliyoitunga 2022 inataja kamati mpaka ngazi ya kijiji na mtaa, mimi nashukuru, ila kamati ni kikao na tahadhari haisubiri akidi. Chagueni ndani ya hiyo kamati watu wawili, mwanamume na mwanamke, majina yao yabandikwe diko, msikitini, kanisani na zahanati, na wapigiwe simu, narudia wapigiwe, sio watumiwe picha kwenye grupu. Simu ya sauti inafika kwenye kitochi, haitaki bando, na aliyepigiwa anaweza kuuliza. Wapeni kipaza sauti cha betri kwa sababu upepo ukianza umeme ndo wa kwanza kwenda, na minara haikai sana baada ya hapo, hiyo nawaambia kama fundi, Jumamosi ile watu waliniletea simu kumi na kitu kuchaji kwa sola yangu na mtandao wenyewe ulikuwa unakuja na kukata. Spika ya msikiti ikiwa mbovu itengenezwe, ni waya tu, mimi nitaitengeneza bure. Diko liwe na mlingoti na bendera, mvuvi anayerudi anaiona akiwa bado mbali.

Mwanamke wa kazi hiyo nisisitize. Bamvua ikishuka kina mama wapo huko mbele kwenye mwani na wengine wanachokoa pweza, mgongo umeelekea nchi kavu, simu wameiacha nyumbani isilowe. Mwanamume wa kamati hatoenda kuwaita kule. Mwenzao ataenda.

Watu wa dago waandikwe. BMU wetu, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia diko, wapo, chombo kikiondoka iandikwe kinaenda kisiwa gani watu wangapi wanarudi lini, na mafuta ya boti moja ya kuwafuata yawepo pembeni yasiguswe kwa kazi ingine yoyote. Siku zile mimi nilikuwa tayari kwenda, nahodha alikuwepo, boti ilikuwepo Alhamisi bahari ikiwa bado inapitika, tulikosa lita za mafuta na mtu wa kusema nendeni.

Kuna ile teknolojia ya mnara kurusha meseji kwa kila simu iliyopo kwenye eneo lake bila kujua namba, simu inalia mlio wake wa peke yake hata kama umeizima sauti, Japani wanayo, Marekani wanayo, na inaingia hata kwenye simu nyingi ndogo. Mimi nafungua simu za watu kila siku sijawahi kuikuta hiyo meseji hata moja. Kaeni na makampuni ya simu muone inakuwaje. Lakini msiifanye ndo sababu ya kusubiri, mtu na kipaza sauti anaweza kuanza wiki ijayo.

La mwisho ni la chakula, na hili najua linakwepwa. Tahadhari ina gharama na anayeilipa ni yule wa chini. Mvuvi wa kwetu anapata mgao wa siku kwa siku, akikaa siku tatu nyumba haina unga, na mwenye boti yuko mjini anampigia anamuuliza mbona wenzako wametoka. Anatoka. Sio kwamba hajasikia, amesikia, ameweka mizani, njaa ya leo imeshinda kimbunga cha kesho. Kwaiyo amri ya kutotoka imshike mwenye chombo kabla ya kumshika baharia, chombo kikitoka siku ya bendera tatu leseni yake iguswe, na vikundi viwe na akiba ya unga na mchele ya siku zile, hata ya kukopeshana, mtu ajue akikaa watoto watakula. Mnaweza kutabiri vizuri kuliko nchi zote za dunia, bila hilo wataendelea kutoka.

Jibu nawaomba msinitumie mimi, mimi sio mtu wa kujibiwa. Lileteni kwa mwenyekiti wa BMU, lisomwe diko siku ya Ijumaa baada ya sala na vyombo vyote viko juu, kina mama waitwe, na atakayekuja kulisoma aje na jina la yule mtu wetu, au awaulize waliopo pale ni nani tunamtaka. Mzee wangu wa kitochi bado yupo, tundu la chaji nilishamtengenezea, kila akipita ananiuliza kama wameshasema sisi ni baadhi au sio baadhi, namwambia bado mzee, nimewaandikia.